Diski imejaa, PostgreSQL imegoma kuwaka: je, nifute pg_wal?

SWALI

Habari za kazi, fundi. Ninasimamia mfumo wa mauzo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Seva iko hapa hapa ofisini: SSD moja ya GB 480, Ubuntu Server 22.04, na hifadhidata ni PostgreSQL 14. Juzi jioni makeshia waliniita kwamba mfumo umegoma. Kwenye logi nikakuta hivi:

`PANIC: could not write to file "pg_wal/xlogtemp.2217": No space left on device`

Nikapiga `df -h`, ikanipa mstari huu:

`/dev/mapper/ubuntu--vg-ubuntu--lv   98G   94G     0  100%  /`

Nimefuta logi za zamani kwenye `/var/log`, kama GB 1 hivi, lakini nafasi iliyobaki bado inasoma 0 na PostgreSQL haiwaki. Nilipopima folda moja moja, `pg_wal` peke yake ina GB 61, wakati `base`, ambako ndiko data iliko, ni GB 18 tu. Mwenzangu anasema hizo ni logi, nizifute yaishe. Nifute? Bakapu ya mwisho ni ya wiki iliyopita. Nyongeza, sijui kama inahusu: tulikuwa na seva ya pili ya ripoti iliyokuwa ikivuta data kutoka kwenye hii, lakini iliungua mwezi wa tatu tukaachana nayo.

JIBU

Pole sana. Hapana, usifute. Hata faili moja ndani ya `pg_wal` usiiguse, na huyo mwenzako mwombe akae mbali na kibodi mpaka tumalize. Kwa maelezo yako sioni dalili kwamba umepoteza kitu, na hiyo bakapu ya wiki iliyopita natumaini hutaihitaji. Barua yako ina mistari miwili ambayo inatosha kunionyesha ugonjwa ulikotoka na dawa ilipo. Mmoja ndio huo ulioita nyongeza.

Tuanze na kwa nini usifute, maana mwenzako si wa kwanza kusema hivyo. Fikiria duka lako kabla ya kompyuta. Mteja akinunua mifuko 20 ya saruji, keshia hafungui leja kubwa kutafuta ukurasa wa saruji huku foleni inamsubiri. Anaandika haraka kwenye daftari la mkononi, mstari chini ya mstari, kwa kufuata saa. Jioni anakaa na kuhamishia kwenye leja. PostgreSQL inafanya vivyo hivyo. Kila badiliko linaandikwa kwanza kwenye daftari liitwalo WAL, ambalo limekatwa vipande vya MB 16 kila kimoja, na ndivyo hivyo unavyoviona ndani ya `pg_wal`. Mstari ukishatua salama kwenye diski ndipo keshia anaambiwa mauzo yamekamilika. Leja, yaani faili zilizo ndani ya `base`, husasishwa baadaye, na kazi ya kufunga hesabu inaitwa `checkpoint`.

Sasa seva yako ilizimika katikati ya kazi. Yapo mauzo ambayo yamo kwenye daftari ila hayajafika kwenye leja, au yamefika nusu. Ikiwaka itafungua daftari, irudi hadi pale hesabu ilipofungwa mara ya mwisho, na kuhamisha tena kila mstari kuanzia hapo. Ukichana daftari, unabaki na leja iliyoandikwa nusu nusu na huna pa kuuliza.

Lawama nyingine ni ya jina. Hadi toleo la 9.6 folda hii iliitwa `pg_xlog`, na jirani yake, inayoweka kumbukumbu ya muamala upi ulikubaliwa na upi ulikataliwa, iliitwa `pg_clog`. Watu waliona neno "log" wakafuta kwa moyo mkunjufu. Kuanzia toleo la 10, mwaka 2017, majina yakabadilishwa kuwa `pg_wal` na `pg_xact` ili kupunguza ajali hizo.

Niliwahi kuitwa mahali ambapo tayari walikuwa wamefuta. Seva ikagoma na kusema `could not locate a valid checkpoint record`. Mmoja wao akasoma mahali fulani kuhusu `pg_resetwal`, amri ya kuanzisha daftari upya, akaiendesha, ikawaka, wakapongezana. Shida ilianza siku ya pili: ankara zenye jina la mteja lakini hazina bidhaa, bidhaa zinazoonekana ukitafuta kwa namba na kupotea ukitafuta kwa jina, stoo ambayo hailingani na kitu chochote. Tulimaliza wiki nzima tukilinganisha na risiti za karatasi za EFD (mashine ya risiti za kodi), moja moja. `pg_resetwal` ipo kwa ajili ya siku ambayo kila kitu kingine kimeshindikana, na hata hapo unaitumia ili uweze kutoa data iliyobaki na kuipeleka kwenye hifadhidata mpya. Ukiendelea kuuza juu yake unajitafutia balaa.

Turudi kwenye `df` yako. Ukubwa 98G, iliyotumika 94G, iliyobaki 0. Toa mwenyewe: 98 ukiondoa 94 ni 4. Hizo GB 4 zimekwenda wapi?

Mfumo wa faili wa ext4, usipoambiwa vinginevyo, hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji `root`, ili siku diski ikijaa msimamizi aweze kuingia na kusafisha. Kwa kipande chako hizo ni karibu GB 5. PostgreSQL haiendeshwi na `root`. Inaendeshwa na mtumiaji `postgres`, na yeye akiba hiyo haioni. Kwake yeye diski ilishaisha wakati `root` bado ana GB 4 mkononi. Maana yake pia ni kwamba programu zinazoandika kama `root` zilikwisha kuila akiba hiyo kidogo, kwa hiyo logi ulizofuta zilikwenda kuijaza akiba kwanza, na `postgres` hakupata kitu. Ndiyo sababu umefuta ukaona 0 ile ile.

Kuna sababu ya pili inayoleta maajabu kama hayo, ingawa hapa siishuku sana: faili ikifutwa huku programu bado imeishika, nafasi yake hairudi mpaka programu iiachie. `sudo lsof +L1` inakuonyesha faili za namna hiyo. Ukikuta moja kubwa, anzisha upya programu iliyoishika.

Lakini kilichonifanya nitabasamu ni namba 98G yenyewe. Umesema SSD ni ya GB 480. Hizo nyingine ziko wapi? Jina `ubuntu--vg-ubuntu--lv` linajibu: wakati wa kusakinisha mlikubali mpangilio wa LVM (njia ya kugawa diski vipande vinavyoweza kupanuliwa baadaye) ambao kisakinishi cha Ubuntu Server hupendekeza. Diski ikizidi GB 200, kisakinishi hicho huchukua GB 100 tu kwa ajili ya mfumo na kuacha zilizobaki bila kugawiwa. Wengi hawajui na hukaa miaka. Piga:

`sudo vgs`

Angalia safu wima ya `VFree`. Natarajia uone zaidi ya GB 300 zimekaa bure. Umekuwa ukifa na kiu mtungi ukiwa uvunguni.

Usikimbilie kuzichukua kwanza. Kabla ya kubadilisha chochote tunataka nakala ya hali ilivyo sasa, hata kama ni mbovu, ili tukikosea tuwe na mahali pa kurudi. Zima mfumo wa mauzo, au kama uko mbele ya seva chomoa tu kebo ya mtandao. Keshia mmoja mwenye haraka akibofya "hifadhi" mara 40 anatosha kukuvuruga. Kisha hakikisha PostgreSQL imezimwa kweli, maana huenda bado inajaribu kuwaka:

`sudo systemctl stop postgresql@14-main`

`pg_lsclusters`

Amri ya pili iseme `down`. Chomeka diski ya nje (hapa naichukulia imepachikwa kwenye `/mnt/nje`) na unakili folda nzima:

`sudo tar -C /var/lib/postgresql/14 -cf /mnt/nje/main.tar main`

Natumia `tar` kwa sababu diski nyingi za nje za madukani huja na mfumo wa faili wa Windows ambao hautunzi umiliki na ruhusa za Linux. Ndani ya `tar` vinabaki salama. Ila kama diski hiyo ni FAT32 itakataa faili ikifika GB 4, basi iumbize upya kwanza kama haina kitu cha maana. Kwa GB 80, kupitia USB 3 ni suala la robo saa hivi, kupitia USB 2 ni dakika 45 au zaidi. Nenda kanywe chai. Bosi akipiga simu mwambie unachukua nakala; saa moja ya kusubiri ni nafuu kuliko wiki ya risiti. Nakili pia `/etc/postgresql/14/main`, maana kwenye Ubuntu mipangilio haikai pamoja na data.

Nakala ikishakamilika, ndipo upanue:

`sudo lvextend -r -L +60G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

Hiyo `-r` inapanua na mfumo wa faili papo hapo, bila kuzima mashine. Nimeandika 60 kwa makusudi. Usichukue zote. GB unazoacha bila kugawiwa ndizo zitakazokuokoa siku nyingine saa nane usiku, na kuzirudisha ukishazitoa si kazi rahisi: ext4 haipungui ikiwa inatumika.

Msomaji mwingine ambaye hana LVM wala nafasi ya ziada anaweza kupunguza ile akiba ya `root` kwa muda, kama anatumia ext4: `sudo tune2fs -m 1` ikifuatiwa na jina la kifaa chake. Inafanya kazi huku diski ikitumika. Kwenye diski ya GB 100 inampa `postgres` takriban GB 4, kama `root` hajazigusa. Kusafisha kwingine ambako hakuna hatari ni `sudo apt clean`, na `sudo journalctl --vacuum-size=200M`; na kama kuna Docker kwenye mashine hiyo, tazama ndani ya `/var/lib/docker/containers`, logi zake hukua kimya kimya. Bakapu za zamani mlizosahau kwenye `/home` nazo zihamishieni nje. Vyote hivi viko nje ya folda ya PostgreSQL, na ndiyo kanuni ninayofuata wakati wa dharura: nafasi natafuta nje ya folda hiyo, ndani sigusi kwa `rm` hata siku moja.

Sasa iwashe:

`sudo systemctl start postgresql@14-main`

`sudo tail -f /var/log/postgresql/postgresql-14-main.log`

Utaona `redo starts at`, halafu kimya. Kimya hicho ndicho kinachowatia watu presha wakaanza kubonyeza vitu. Toleo la 14 haliandiki maendeleo ya kazi hii kwenye logi. Toleo la 15 ndilo lililoanza. Ukitaka kujua kama inasonga, fungua dirisha jingine uandike `ps aux | grep recovering`. Itakuonyesha jina la kipande cha daftari kinachosomwa, na jina likibadilika basi inatembea. Usiogope pia zile GB 61. Haisomi zote, inasoma kuanzia hesabu ilipofungwa mara ya mwisho tu, ambayo kwa duka lako ni sehemu ndogo. Nadhani itachukua dakika chache. Ikimaliza itasema `database system is ready to accept connections`. Isipomaliza upesi, subiri. Kuiua kwa `kill -9` kunakurudisha mwanzo wa safari ile ile.

Imewaka? Bado usirudishe kebo. Ukiwaachia makeshia sasa hivi, miezi kadhaa baadaye utaniandikia barua hii hii, kwa sababu aliyejaza `pg_wal` bado yumo.

Kwa kawaida PostgreSQL ikishafunga hesabu hutupa au kutumia tena vipande vya daftari ambavyo havihitajiki. Mpangilio wa `max_wal_size` usipoguswa ni GB 1, na ingawa si ukuta (kukiwa na uandishi mwingi hupitwa), duka la vifaa vya ujenzi halina sababu ya kufika 61. Hizo ni faili karibu 3,900. Kuna mtu ameizuia isitupe. Ingia:

`sudo -u postgres psql`

Kisha uliza:

`SELECT slot_name, active, wal_status, pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn)) AS inashikilia FROM pg_replication_slots;`

Nina hakika utaona mstari mmoja, `active` ikiwa `f`, na safu wima ya mwisho ikisema takriban GB 60. Huyo ni mzimu wa seva yenu ya ripoti. Mlipoiunganisha, aliyeifunga alitengeneza sloti ya urudufishaji, ambayo ni ahadi: "usitupe ukurasa wowote wa daftari mpaka mwenzangu athibitishe kwamba ameusoma." Seva ya ripoti iliungua mwezi wa tatu. Ahadi haikuungua. Tangu siku hiyo seva kuu imekuwa ikimwekea marehemu magazeti mlangoni, kila siku, bila kutupa hata moja, mpaka mlango haufunguki. Haikukosea. Ilifanya hasa ilichoambiwa.

Kwa kuwa seva ile hairudi, ifute ahadi, ukiweka jina utakaloliona hapo badala ya langu:

`SELECT pg_drop_replication_slot('ripoti');`

`CHECKPOINT;`

Kisha pima tena `pg_wal`. Usipoona inapungua papo hapo, rudia `CHECKPOINT` mara moja au mbili. Inapaswa kushuka kutoka GB 61 hadi GB 1 au chini yake, na aliyezifuta ni PostgreSQL yenyewe, ambayo inajua ukurasa upi umekwisha kazi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya njia hii na `rm` ya mwenzako: faili zile zile nyingi zimeondoka, lakini zimeondolewa na anayejua zipi za kuondoa.

Kama seva ya ripoti ingekuwa hai na imekatika mtandao tu, ningekuambia ufikiri kwanza. Ukifuta sloti ya replika (seva inayonakili kutoka seva kuu) iliyo hai, ikirudi itakuta kurasa inazozihitaji hazipo, na itabidi ijengwe upya kwa `pg_basebackup`. Bado ningeifuta kama ni lazima kuchagua kati ya ripoti na mauzo, ila iwe ni uamuzi, isiwe bahati mbaya.

Ikitokea sloti hakuna kabisa, mshukiwa wa pili ni `archive_command`, yaani amri ya kunakili daftari kando kwa ajili ya bakapu. Ikishindwa, labda kwa sababu diski ya bakapu imejaa au nenosiri limebadilishwa, PostgreSQL hairuhusu kipande hicho kitupwe na itajaribu tena na tena. `SELECT * FROM pg_stat_archiver;` itakuonyesha kama `failed_count` inapanda na kipande kipi kimekwama. Rekebisha hiyo amri, foleni itaisha yenyewe. Wapo wanaoweka `/bin/true` mahali pake ili PostgreSQL idhani imefanikiwa. Inafungua nafasi kweli, lakini mnyororo wa bakapu unakatika hapo hapo, na usipochukua bakapu mpya kamili siku hiyo hiyo utakuja kugundua siku unayoihitaji. Wa tatu ni `wal_keep_size`, mpangilio wa kiasi cha daftari cha kubakizwa kwa ajili ya replika, iliyowekwa kubwa kupita kiasi. Baada ya hao watatu sijawahi kwenda mbali zaidi. Muamala ulioachwa wazi kwa siku nyingi, ambao watu hupenda kuulaumu, una madhara yake mengine ya kuvimbisha majedwali, ila haushikilii WAL.

Kabla ya kufungua duka, kagua. Mauzo yote ambayo keshia aliambiwa yamekamilika yanapaswa kuwemo. Lililokuwa katikati ya njia litakuwa limefutika lote, kichwa na mkia. Jaribio langu ni la kizamani: chukua risiti ya mwisho ya EFD ya juzi uitafute kwenye mfumo. Hilo ni kweli mradi hakuna aliyeweka `fsync` au `synchronous_commit` kuwa `off` ili kuongeza kasi, basi hebu zitazame kwa `SHOW`. Ya pili ikiwa `off` unaweza kuwa umepoteza mauzo ya mwisho mwisho, sehemu ya sekunde hivi. Ya kwanza ikiwa `off`, na mashine yenyewe ikawa ilizimika kwa umeme katikati ya sakata hili, niandikie tena kabla ya kuendelea.

Majedwali yaliyotengenezwa kama `UNLOGGED` utayakuta matupu. Hayaandikwi kwenye daftari, hivyo baada ya kuzimika ghafla husafishwa. Kwa kawaida ni ya muda tu, lakini nimeshawahi kuona mtu kaweka vikapu vya wateja humo.

Halafu endesha hizi mbili:

`sudo -u postgres /usr/lib/postgresql/14/bin/pg_amcheck --all --install-missing`

`sudo -u postgres vacuumdb --all --analyze`

Ya kwanza inakagua majedwali na indeksi kama zimeharibika. Ikilalamikia indeksi, `REINDEX` inaponya. Ikilalamikia jedwali lenyewe, simama hapo, usifungue duka, una `main.tar` yako. Ya pili inahitajika kwa sababu baada ya kuzimika ghafla PostgreSQL hutupa hesabu zake za ndani zinazoiambia autovacuum, msafishaji wake wa ndani, jedwali gani limechafuka; usipoisaidia, inaanza upya kama mgeni, na wiki moja mbele makeshia watakuambia mfumo umekuwa mzito. Mwisho chukua bakapu kamili kwa `pg_dumpall` kwenda diski ya nje. Zaidi ya kuwa bakapu, ni ukaguzi, maana inalazimika kusoma kila safu ya kila jedwali.

Rudisha kebo.

Swali ambalo hukuuliza lakini litakuja: ingekuwaje kama `base` ndiyo iliyojaa, si `pg_wal`? Hapo kwa kawaida seva haifi. Inabaki hai na kukataa kuandika, ikisema `could not extend file`. Watu hukimbilia `DELETE` ya data ya zamani, na wanashangaa diski haipungui. `DELETE` huweka alama tu kwamba safu imekufa. Nafasi yake itatumiwa na safu mpya za jedwali lile lile, na wakati huo huo ufutaji wenyewe umeandikwa kwenye WAL, kwa hiyo umeongeza. `VACUUM FULL` hurudisha nafasi, lakini kwa kuandika jedwali zima upya pembeni kabla ya kutupa la zamani: jedwali la GB 10 linahitaji karibu nyingine 10 ambazo huna, na linafungwa mpaka kazi iishe. Kinachorudisha nafasi bila kuomba nyingine ni `TRUNCATE` kwenye jedwali usilolihitaji, au `DROP INDEX` kwenye indeksi kubwa unayoweza kuijenga tena kesho. Ila wewe mwenye zaidi ya GB 240 zilizobaki za LVM usijisumbue na haya.

Sasa zuio. Toleo la 13 lilileta mpangilio mmoja ambao ungekuepusha na yote haya, na bahati mbaya umezimwa mpaka mtu auwashe:

`ALTER SYSTEM SET max_slot_wal_keep_size = '15GB';`

`SELECT pg_reload_conf();`

Kuanzia hapo, sloti yoyote ikishikilia zaidi ya GB 15, PostgreSQL inavunja ahadi na kutupa kurasa. Replika iliyochelewa itapotea, seva kuu itaishi. Kwa duka ninachagua hivyo bila kufikiri mara mbili. Iweke hata kama leo huna sloti yoyote, kwa sababu siku mtakayonunua seva mpya ya ripoti atakayeifunga huenda si wewe. Toleo la 18 limeongeza na `idle_replication_slot_timeout`, inayozivunja sloti zilizokaa muda mrefu bila mtu. Kwa kuwa msaada wa toleo la 14 unaisha Novemba 2026, kuhama kumekaribia hata hivyo.

Weka pia kazi ya `cron` (kiendeshaji cha amri kwa ratiba) inayosoma `df` kila dakika 10 na kukutumia ujumbe kwenye simu ikipita asilimia 80, pamoja na ile `SELECT` ya sloti mara moja kwa siku. Sipendekezi programu kubwa ya ufuatiliaji kwa seva moja. Utaisakinisha, itakutumia arifa 30 kwa siku, na utaizima. Mistari mitano ya bash utaisoma.

Ile `main.tar` iache kwenye diski ya nje mpaka mwisho wa mwezi upite na hesabu ya stoo ilingane. Baada ya hapo ifute, maana ndani yake kuna bei na madeni ya wateja wako wote, na diski za nje ofisini hutembea zenyewe.